Mkono Begani mwa Mzee Ogutu

Bi Zuhura alizikwa saa kumi jioni na mimi nikapata habari kesho yake asubuhi, mambo yote yakiwa yamekwisha. Binti yake alinipigia kutoka Migori akaniambia mama alifariki alfajiri, akaoshwa, akaswaliwa na akazikwa siku ileile. Nikamuuliza ni picha gani iliyotumika. Akasema kwa upole, "Dada, sisi hatuna mambo hayo." Nilikuwa nikijua. Nilifanya kazi na mama yake mwaka mzima, nikala mahamri yake, nikamwona akikata na kukunja nyuso za marehemu wa watu wengine kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na bado nikauliza. Mwanamke aliyelipa kodi ya chumba kwa picha za wafu ameondoka bila hata moja, na wiki nzima sasa nimekuwa nikijiuliza kama hilo ni pengo au ni heri. Kila nikijaribu kumkumbuka, anayekuja kwanza si yeye. Ni bega la mwanamume mmoja aliyevaa koti jeusi.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Yatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina shahada ya falsafa, na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyenilipa kuyauliza. Duka la Bi Zuhura lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati na misumari, mjini Migori. Ukiingia, jambo la kwanza kukukabili ni kamba iliyofungwa toka ukuta hadi ukuta, na vitabu vya mazishi vimening'inizwa kwa vibanio vya nguo, kila kimoja na uso wake. Feni ikiwashwa, nyuso zote ziligeuka pamoja. Chumba kilinuka wino wa printa na tangawizi. Saa nne tulikunywa chai na mahamri, na adhuhuri mimi nilinunua ugali na omena kwenye kibanda cha jirani, naye akasukuma kiti chake hadi mlangoni na kusema, "Mwanangu, samaki hawa walikukosea nini hata ukawakausha hivi?" Alikuja kutoka Mombasa na mume aliyeuza vitambaa, mume akafa, vitambaa vikaisha, yeye akabaki. Aligundua kitu ambacho sisi wenyewe tumekizoea mno hata hatukioni: kwamba huku kwetu mtu hazikwi bila kitabu. Ndani yake wake hupangwa kwa mfuatano wa kuolewa, watoto nyumba kwa nyumba, na picha ya familia katikati. Asiyekuwemo kitabuni atapata taabu baadaye kusema yeye ni wa boma hilo. "Chifu mwenyewe hukiulizia," aliniambia wiki ya kwanza. "Kwa hiyo jina la mtu usilikosee, hata herufi."

Kompyuta ya duka ilikuwa na programu za wizi. Kijana mmoja alizileta ndani ya flashi kabla sijafika, akaziweka, akanywa soda, akaenda zake. Niliuliza ni nani aliyezivunja kufuli, na kwa nini mtu avunje kufuli halafu agawe mali kwa watu asiowajua. Bi Zuhura akasema, "Wewe chora." Basi nikachora, mpaka Jumatano moja asubuhi tulipoiwasha na kukuta skrini nyeusi yenye maandishi mekundu. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa. Maandishi yalisema tulipe, na chini yake kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Nilimsomea Bi Zuhura kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, naye akasikiliza mikono ikiwa imefumbatwa kifuani.

"Nani huyu?"

"Hajulikani."

"Yuko wapi?"

"Hajulikani pia."

"Na anajua kwamba tuna maiti Ijumaa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Ndani ya mashine ile mlikuwa na picha za watu ambao hawangepigwa picha nyingine, nyingi kati ya hizo familia zilituachia zenyewe kwa sababu nyumbani zingeliwa na mchwa. Majina ya mafaili yalikuwa yamegeuka kuwa herufi zisizosomeka. Ajuza wa Awendo, mvuvi wa Mfangano, pacha wawili wa Rongo, wote walikuwa mle na hawakuwa mle. Yule mtu hatukumlipa, na wale hatukuwapata tena.

Siku hiyohiyo nilichukua laptopu yangu ya chuo, nikaiunganisha na simu, nikaanza kutafuta. Ndivyo nilivyojua kwamba kuna watu, katika nchi mbalimbali, wanaoandika programu za kuchora na kurekebisha picha kisha kuzitoa bure kabisa, si za kuvunja kufuli, ni bure tangu mwanzo. Sikuamini. Bi Zuhura naye hakuamini kabisa. "Hiyo ya bure," alisema, "itakuja kudai nini baadaye?" Wakati programu ikishuka polepole nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwona mtu mwingine akilifanya: nilisoma masharti yake yote, toka juu hadi chini, chai ikipoa. Yalisema naweza kuitumia kwa kusudi lolote. Yalisema pia kwamba haina dhamana yoyote, na likitokea la kutokea nisimlaumu aliyeiandika. Niliyaona kuwa maneno ya watu waungwana. Mimi niliyekuwa nahoji mahubiri, magazeti na bei ya nyanya, sikuyahoji hayo. Nilifurahi tu. Na furaha ile ilikuwa ya kweli, sitaikana leo kwa sababu ya yaliyofuata. Nilijifunza tabaka, yaani picha unazipanga moja juu ya nyingine kama karatasi za plastiki, na kando ya kila tabaka kuna alama ya jicho. Ukiligusa jicho, tabaka linatoweka, ukiligusa tena, linarudi. Nilijifunza kuziba mikwaruzo ya picha za zamani kwa kunakili sehemu safi juu ya sehemu mbovu. Nilimrudishia bibi mmoja jicho lililoliwa na unyevu. Mjukuu wake alilia dukani kwetu, na nikajiona nimepata kazi duniani.

Okoth alikuja mwezi wa Agosti. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia mkononi, viatu safi, sauti ya mtu aliyezoea kukaa meza ya mbele kwenye harambee. Baba yake, Mzee Ogutu, mfanyabiashara wa samaki wa upande wa Kisegi, alikuwa amefariki, na yeye ndiye mwana wa kwanza wa nyumba kubwa. Alitoa picha moja kwenye mfuko wa nailoni. Mzee ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba ya mke wa kwanza. Mke huyo, Mama Okoth, yuko upande wa kulia. Wana wamesimama nyuma. Upande wa kushoto amesimama mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, mkono wake umewekwa begani mwa mzee.

"Nataka hii ikae katikati ya kitabu," Okoth alisema. "Lakini huyu na mtoto amebeba, mtatoa. Tumesikia hapa kuna mtu anaweza."

Bi Zuhura aliivuta picha karibu na macho. "Huyu ni nani?"

"Ni mtu alikuwa anapita tu."

"Anapita, na mkono uko begani?"

Okoth alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama, nyinyi mna maiti wangapi wiki hii? Mimi nataka picha safi. Baba alikuwa na mke mmoja kanisani. Hayo mengine yalikuwa ya Migori, na yabaki Migori."

Akatoka nje kupokea simu. Bi Zuhura akageuza kiti chake kunielekea. "Mwanangu, mwanamke huyu yu hai?"

"Sijui."

"Ukimtoa, utamweka wapi?"

Nilimjibu kwa lugha ya chuo. Nilimwambia picha si mtu, ni nukta za rangi. Kwamba mwanamke huyo hatasikia maumivu yoyote. Kwamba kitabu cha mazishi ni hadithi ambayo familia inajisimulia, nasi si mahakama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akaenda kukata karatasi. Maneno yake hayo nimeyakumbuka mara nyingi kuliko lolote jingine alilowahi kuniambia, na hadi leo sijui kama alikuwa amenikubali au amenihukumu.

Kazi ilinichukua siku moja na nusu. Nilichukua majani ya uani na ukuta wa nyumba, nikayafunika juu ya yule mwanamke kidogokidogo, kuanzia miguuni. Kwa kuwa mtoto alikuwa mgongoni, niliwatoa wawili kwa mkupuo mmoja. Pagumu palikuwa mkono. Koti la mzee lilikuwa jeusi, skani ilikuwa na giza, na kwenye skrini vidole vinne vilionekana kama mkunjo wa kitambaa, nikaviacha. Printa ilipotoa nakala ya kwanza, wino ukiwa mpya, niliviona. Vidole vinne, vyeupe kuliko nilivyotarajia, vimeshika bega la mzee bila mwenyewe. Niliviona, na Okoth alikuwa anasubiri, na nikajiambia ni nani huangalia bega la marehemu. Nikabonyeza, tukatoa nakala mia tatu.

Ijumaa nilitumwa kupeleka vitabu Kisegi, nikalala huko. Laptopu nilibeba mgongoni, kwa maana tangu ile Jumatano sikuiacha popote. Jumamosi asubuhi hema zilikuwa zimejaa, jeneza liko mbele ya nyumba ya Mama Okoth, spika zikitoa nyimbo za kwaya. Nilipewa chakula ndani ya simba, nyumba ndogo ya kijana wa boma iliyo karibu na lango: wali, nyama, chai iliyotiwa sukari mpaka ikawa nzito. Nyuma ya dirisha wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walikuwa wakizungumza, na mwanzoni sikuwa nikisikiliza.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia. Ni lwedo, ni mkono kabisa."

"Wa nani?"

"Ndiyo nakuuliza. Nyuma yake hakuna mtu."

"Labda ni Okoth."

"Okoth mikono yake yote miwili iko hapo, hesabu. Na hii ni ya kushoto."

"Mzee alikuwa analia bega kabla afe. Alisema kuna kitu kinamvuta."

Sufuria iliwekwa chini polepole. Nilisimama nikachungulia uani. Vijana walikuwa wamepiga picha kitabu kwa simu na kuikuza kwa vidole, wakionyeshana, na ule mnong'ono ulikuwa ukipita hema hadi hema kama upepo unavyopita kwenye mtama; ungeweza kuona vichwa vikiinama vikifuatana. Kisha vichwa vikaanza kuinuka na kugeukia upande mmoja. Karibu na ua wa minyaa alikuwa amesimama mwanamke mwenye leso nyeusi, na msichana wa miaka saba hivi aliyevaa sweta ya shule. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeutazama uso wake kwa siku moja na nusu, karibu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, wakimwita Mama Robi, na mzee alimpangia nyumba Migori miaka yote hiyo.

Nilimwendea Okoth nyuma ya hema la kwaya. Nilimwambia ni kosa langu, sikuufuta mkono vizuri, aseme hivyo watu watulie. Alikiangalia kitabu kwa muda. Niliona anafikiri, na niliona wazo lilipomfikia.

"Wewe ulisoma nini chuo?"

"Falsafa."

"Basi nyamaza kama mtu amesoma," alisema, akaondoka.

Baada ya dakika chache mjomba wa familia aliyeshika maikrofoni aliomba watu watulie, akasema kuna mambo mwana wa kwanza angependa kueleza. Okoth hakupaza sauti. Alisema hamtuhumu mtu. Alisema tu kwamba wote wameona kile kilichotokea kwenye picha ya baba yake, kwamba baba alienda Migori akiwa na afya na akarudi ameshika bega, na kwamba anayejua huo mkono ni wa nani, ajue unaonekana. Mtu mmoja nyuma alilitamka neno lenyewe, jajuok, mchawi, bila kupiga kelele, kama anayemtajia mwenzake jina la kijiji. Vijana sita au saba walitoka hemani wakaenda kusimama kati ya Mama Robi na lango. Hawakumgusa. Mmoja aliokota fimbo akawa anaimenya ganda. Pasta alifungua Biblia na kutafuta mahali ambapo hakupapata.

Nilimpigia simu Bi Zuhura. Nilimweleza kwa maneno machache. Nyuma yake nilisikia feni.

"Sasa waniuliza nini?" alisema.

"Nifanye nini?"

"Mwenyewe wajua. Wataka tu mtu wa kukukataza. Mimi sikukatazi."

Simu ikakatika, au aliikata. Nilipita katikati ya viti, nikafika kwenye meza iliyokuwa na maua na maikrofoni, nikaifungua laptopu juu ya meza ile. Mjomba alijaribu kunizuia. Nikasema mimi ndiye niliyetengeneza kitabu, na hapo akasita. Nilisema kwa Dholuo, lugha ya wengi pale, kisha kwa Kiswahili ili Mama Robi asikie kwa sikio lake, kwamba mkono si wa uchawi, ni wa mwanamke aliyekuwepo kwenye picha, na mimi nilimtoa, na niliambiwa nimtoe. Kisha nikagusa alama ya jicho. Majani yakatoweka, na Mama Robi akatokea kando ya mzee, mtoto mgongoni, mkono mahali pake.

Nilidhani huo ungekuwa mwisho. Watu walirudi nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele alifunika uso wa mtoto wake. "Mtoe tena," mtu alisema, na mimi, mjinga, nikaligusa jicho ili waelewe, akatoweka, nikaligusa tena akarudi, na kila mara kelele ilizidi kushuka badala ya kupanda, mpaka nikasikia jenereta peke yake. Okoth alingoja. Alipozungumza alikuwa na subira ya mwalimu.

"Kwa hiyo dada, unaweza kutoa mtu."

"Ndiyo."

"Na kuweka?"

Nilitoa kidole kwenye alama ya jicho.

"Kama unaweza kutoa, unaweza kuweka. Sasa nani anatuambia hukumweka? Hiyo ya karatasi iko wapi?" Aliigeuza mikono yake mitupu. "Mimi niliwapatia picha. Hamkunirudishia."

Tulikuwa tumemrudishia, Alhamisi, mkononi mwake. Lakini nilikuwa nimesema mwenyewe, katika chumba kile chenye nyuso zinazoning'inia, kwamba picha ni nukta tu, na sasa nukta hizo hazikuwa na uzito wowote mbele ya mtu yeyote. Mama Robi alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Alinitazama kama unavyomtazama fundi aliyevunja kitu chako akijaribu kukitengeneza. Alimvuta msichana karibu, na vijana langoni hawakusogea.

Ndipo Mama Okoth alipoomba asaidiwe kuinuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza tangu asubuhi. Alikuja hadi mezani, akainama kwenye skrini mpaka pua yake ikakaribia kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Okoth alisema, "Mama, keti." Hakumwangalia.

"Hiyo nguo aliyovaa ni yangu," alisema kwa Dholuo. "Alikuja na nguo imelowa mvua, nikampa yangu avae. Hakunirudishia." Akageuka kumtafuta Mama Robi kwa macho, akamuuliza kwa Kiswahili, "Bado unayo ile nguo?"

"Ninayo, mama," Mama Robi alijibu kutoka kwenye ua. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

Mjomba alizima maikrofoni. Aliyekuwa akimenya fimbo aliiangalia kana kwamba hajui ilifikaje mkononi mwake. Okoth alivaa kofia yake, akaivua, akaenda nyuma ya hema, na vijana langoni wakaanza kusogea mmoja mmoja. Nilitaka kumshukuru yule mama. Nilifungua mdomo, lakini yeye akaniwahi, akaniuliza kwa sauti ya chini iliyotosha wawili wetu tu.

"Nyathina, mtoto wangu, kama mwanangu Okoth angekuambia unitoe mimi, ungenitoa?"

Nilifikiria jibu la chuo. Nilifikiria majibu mengine mawili.

"Ningekutoa, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa akiitarajia. Akarudi mkekani, akasogea upande mmoja, na Mama Robi akaja na mtoto wake wakakaa mahali palipobaki. Nilifunga laptopu nikashika njia ya barabarani. Watu walinipisha, wote, wazee kwa watoto, na nafasi waliyoniachia kupita ilikuwa pana kuliko niliyoihitaji.